Panya wa Barafu na Chatu Aliyegoma Kula

Tangu nilipokabidhi funguo za banda la nyoka, kila nikipita soko la Mwanga lazima mtu aniulize kama sasa nimepata kazi ya maana. Nawajibu kwamba kazi ya maana nimeimaliza, sasa napumzika. Nyinyi mliobaki bandani mmeniomba jambo lingine. Mmetaka niandike jinsi tulivyoanza kumlisha chatu panya wa barafu, kwa sababu mmeikuta inafanyika hivyo na mnadhani ilishuka kutoka mbinguni. Haikushuka, ilipiganiwa. Habari za vyeo na mshahara sitaziandika. Za mshahara ni fupi mno, na vyeo havikuwapo.

Nilizaliwa Simbo, kwa wakulima wa mihogo na maharage, na nyoka nilimjua kwa njia moja tu: akiwa amekufa, ncha ya fimbo ikiwa bado juu yake. Nilipanda kwenye kituo cha Mwalimu Laurenti, kule kwenye mteremko wa kuelekea Bangwe, nikitafuta kazi ya bustani. Mwalimu alikuwa amefundisha baiolojia sekondari maisha yake yote, na alipostaafu akajenga banda lile ili watoto wa shule wamwone nyoka kupitia kioo badala ya kumwona kwenye ncha ya fimbo. Bustani, akaniambia, ilikuwa na mtu. Kisha akaniuliza kama naogopa nyoka.

"Naogopa sana, Mwalimu."

"Vizuri. Asiyeogopa simwajiri. Atanisumbua na mazishi."

Siku ya kwanza sikuonyeshwa nyoka hata mkia. Nilipewa chumba cha nyuma chenye masanduku ya panya weupe, nikaambiwa nibadilishe maranda, nijaze maji, nioshe, nifagie. Siku ya pili hivyohivyo. Nilipouliza lini nitaanza kazi ya nyoka, Mwalimu alicheka. "Nyoka hana kazi, binti yangu. Kazi yote iko kwa panya." Nilidhani ni utani wa wazee. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba ndiyo elimu nzima ya mtunza chatu, na kila kijana aliyekuja bandani kwa ajili ya kupigwa picha na nyoka shingoni aliondoka kwa sababu ya panya.

Nyumbani Simbo, mama aliposikia, alishika kichwa kwa mikono miwili. "Yemwe! Ukatunze inzoka? Hawahawa wanaotuuma shambani?" Majirani nao walikuwa na yao. Mwanamke anayelisha nyoka kwa mkono wake, walisema, hana shida ndogo, nyoka wa namna hiyo ni wa utajiri. Sikubishana nao. Niliwaacha waangalie viatu vyangu wenyewe.

Wakati ule chatu alikuwa mmoja, dume, anaitwa Kapteni, na alilishwa panya hai. Ulifungua kidirisha, ukamtia panya, ukafunga, ukaenda kunywa chai. Mtunzaji niliyemkuta bandani alifanya hivyo siku moja, na kabla hajarudi kuangalia akaletewa habari ya msiba Ujiji. Msiba mnaujua. Huwezi kumwambia mleta habari asubiri kwanza, kuna panya unamwangalia. Akaondoka. Kapteni siku hiyo hakuwa na njaa, na panya asiyeliwa huishia kuona njaa mwenyewe. Tulipofungua banda asubuhi, alikuwa amemtafuna Kapteni mgongoni, mpaka mfupa unaonekana.

Watu hudhani chatu angejitetea. Hajitetei. Chatu asiyetaka kula hujikunja akalala, na panya anaweza kumla hai kama anavyokula gunzi. Nilipewa kazi ya kumwosha kidonda kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kila asubuhi, na hapo ndipo nilipomshika nyoka kwa mara ya kwanza. Alikuwa mzito, mkavu, na hakufanya lolote baya. Alikufa mvua zilipoanza. Nililia, nikajificha chumba cha panya ili habari isifike Simbo kwamba nimemlilia nyoka.

Tulipomzika, Mwalimu alisema neno moja, nami nikalishika kuliko alivyolishika mwenyewe. Alisema panya hai haingii tena kwenye kizimba chochote cha kituo hiki.

Basi tukaingia kwenye barafu. Mwalimu alipata friza kuukuu kwa muuza juisi. Panya waliouawa kwa utaratibu mnaoujua walifungwa kila mmoja kwenye mfuko wake, wakapangwa kwa ukubwa. Umeme ulipokatika tuliifunika friza mablanketi, na ukichelewa kurudi nilishuka Kibirizi kuomba barafu kwa wafanyabiashara wa samaki. Waliniuliza nina samaki gani. Nilisema nina kitoweo. Na kuna mwalimu mmoja aliyeleta wanafunzi kutoka Kalinzi, akafungua friza mwenyewe akitafuta maji baridi. Aliifunga taratibu, akaenda kunywa ya bombani.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo mnapopenda kukimbilia. Panya anatolewa kwenye friza jioni, analala kwenye sehemu ya kawaida ya friji, ndani ya mfuko, anayeyuka polepole. Asubuhi unamtia na mfuko wake kwenye maji ya moto, lakini si ya kuchemka. Yajaribu kwenye kifundo cha mkono kama unavyojaribu maziwa ya mtoto. Maji yanayochemka yatampasua tumbo, na hiyo harufu mtakaa nayo mpaka Idi. Mbonyeze tumboni. Ukisikia kigumu ndani, bado ana barafu, mrudishe majini. Unene wake usizidi unene wa chatu pale chatu alipo mnene zaidi. Aliyeyeyuka harudi tena kwenye friza, hata kama anakuuma kumtupa. Na umshike kwa koleo refu, kwa sababu mkono unaonuka panya, kwa chatu, ni panya. Koleo langu alilitengeneza fundi chuma wa pale Mwanga. Nilimwambia ni la kugeuzia mkaa, akanishauri kwamba kwa mkaa halihitaji kuwa refu hivyo.

Akishakula, asiguswe kwa siku mbili au zaidi. Ukimbeba atatapika, na chatu anayetapika anaweza asile tena kwa muda mrefu. Hili nalirudia chini, kwa hiyo msiliruke.

Wakati huo kituo kilimpata Shangazi. Mkulima wa kahawa wa Kalinzi alikuja na bodaboda na gunia, akasema ndani kuna mayai ya kitu, amewakataza wanawe kuyavunja, na hataki kujua ni kitu gani. Moja ndilo lililoanguliwa. Mwalimu alimlisha yule mdogo mwenyewe, panya wadogo waliouawa papo hapo, bado wana joto. Alikua vizuri. Tulimwita Shangazi kwa sababu hata alipokuwa mwembamba kama kamba ya ng'ombe alikuwa na namna ya kuinua kichwa na kumwangalia mtu kana kwamba amechelewa kuja kumsalimia.

Kazi ilipozidi, Mwalimu akamwajiri Bi Mwajuma wa Ujiji. Alikuwa mkubwa wangu kwa miaka mingi, nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, na kabla ya kuja kwetu aliuza samaki ufukweni tangu akiwa msichana. Alikubali kazi kwa sharti moja, kwamba haingii banda la nyoka. Jikoni ndiko kulikokuwa kwake, na friza ilikuwa jikoni, kwa hiyo panya wa barafu wakawa wake. Yeye aliwatoa, yeye aliwayeyusha, na asubuhi aliniachia panya kwenye beseni jeupe, mkavu, tayari kwa maji ya moto. Sijapata kuona mtu msafi kama yule. Beseni lake ungeweza kulia wali.

Na hapo Shangazi, tuliyemhamishia sasa kwenye panya wa barafu, akagoma.

Mara ya kwanza sikujali, chatu hukosa hamu. Mara ya pili niliangalia macho, kama yamefifia kwa ajili ya kujivua gamba. Yalikuwa maangavu. Nilibadilisha ukubwa wa panya. Nilimpasha joto zaidi kichwani, ndiko chatu anakotafuta joto. Nilifunika kioo kwa kanga ili asituone. Nilimtikisa panya kwenye koleo mpaka mkono ukafa ganzi. Kila mara ilikuwa vilevile: Shangazi alikuja, alikuwa na njaa, ulimi ukitoka na kurudi, akafika karibu kabisa na pua ya panya, kisha akasimama, akarudisha kichwa nyuma, akageuka. Nikamwomba Mwalimu aue panya mmoja asubuhi ileile, asiguswe na barafu. Bi Mwajuma aliniletea kwenye sahani, safi, anang'aa. Shangazi akageuza kichwa hata upesi zaidi.

Miezi ikapita. Uti wa mgongo ukaanza kuonekana, ngozi ikaingia ndani mbavuni. Chatu mkubwa anaweza kukaa na njaa muda mrefu, lakini huyu alikuwa bado anakua. Afisa wa wanyamapori alipokuja kwa ukaguzi alihesabu mbavu za Shangazi kupitia kioo, na mtu wa ofisi akianza kuhesabu ujue kuna jambo.

"Mwalimu, huyu anakufa njaa," akasema mwishoni. "Nikija tena baada ya mvua, nimkute amekula. La sivyo namwondoa, akaachiwe porini."

Alisema kweli na alisema kwa heshima. Lakini porini gani? Shangazi alizaliwa ndani ya kasha la mbao jikoni kwa Mwalimu. Hajawahi kuwinda hata mjusi. Angetambaa kuelekea mtu wa kwanza atakayemwona, kwa kuwa watu ndio walioleta chakula, na mtu huyo angekuwa na jembe mkononi.

Afisa alipoondoka, Mwalimu alikaa kwenye ngazi, akasema tutarudi kwa panya hai.

"Hapana, Mwalimu."

Sikuwa nimewahi kumwambia hapana. Aliniangalia juu ya miwani. "Tutasimama pale tumwangalie. Asipomla, tunamtoa."

"Leo tutasimama. Na kesho. Siku moja mtu ataitwa msibani."

"Na akifa njaa?"

"Hafi. Nipe mpaka afisa arudi. Asipokula, mwache aondoke na mimi niondoke siku hiyohiyo."

Nilikuwa nimeosha mgongo wa Kapteni kwa mikono yangu. Mwalimu aliinuka akaingia ndani, na kwa Mwalimu huko ndiko kukubali.

Siku ya kulisha iliyofuata nilifika mapema kuliko kawaida, kabla hata ya muuza maandazi. Nilikuwa nimeamua kuifanya kazi yote mwenyewe tangu friza, nione kila hatua. Nilimkuta Bi Mwajuma ameshanitangulia. Panya alikuwa amelazwa juu ya kibao. Kando yake kulikuwa na kisahani cha chumvi, na Bi Mwajuma, mikono imekunjwa mpaka viwikoni, alikuwa anamsugua kwa kipande cha ndimu. Kichwa, tumbo, chini ya mapaja, mpaka mkia. Kisha akamsuuza, akamfuta kwa kitambaa safi, akamnusa, akaridhika.

Nilibaki mlangoni.

"Shikamoo, Bi Mwajuma."

"Marahaba. Mbona alfajiri hivi? Kuna heri?"

"Kuna heri. Unafanya nini?"

"Namtoa shombo." Alinijibu kana kwamba nimemwuliza kwa nini anavaa nguo. "Kitu kilicholala kwenye barafu kina shombo, hata kiwe nini."

"Kila siku unamtoa?"

"Sasa siku gani nisimtoe? Wewe kwako unampa mtu migebuka ya barafu bila ndimu?"

"Simpi. Lakini yule ni nyoka, Bi Mwajuma."

"Nyoka, mtu, mimi chakula kinachotoka mkononi mwangu hakinuki. Nimeuza samaki tangu nina meno ya utoto, hajatokea mtu Ujiji akasema cha Mwajuma kina shombo."

Mtaniuliza pua yangu ilikuwa wapi miezi yote hiyo. Ilikuwa Kigoma. Huku kwetu beseni linalonuka ndimu ni beseni safi, jiko linalonuka ndimu ni jiko la mtu mwenye adabu, na hakuna pua ya mtu wa ziwani inayoshtukia. Nilikuwa nimeshika beseni lile mara zote hizo, na nilichowaza kilikuwa kwamba huyu mama anaosha vizuri. Shangazi peke yake ndiye aliyeshangaa. Yeye hajui panya kwa macho. Anamjua kwa joto na kwa harufu, na sisi tulikuwa tunampelekea ndimu yenye joto.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilipomweleza, Bi Mwajuma hakucheka. Aliweka ndimu mezani, akanawa mikono taratibu, akajifuta kwa ncha ya kanga, kisha akajifuta na macho.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa namnyima chakula yule mnyama."

"Ulikuwa unampa heshima."

"Heshima haijazi tumbo." "Mlisema nyote kwamba mnamjua. Mbona hamkuja kuniuliza napikaje?"

Swali hilo nilimpelekea Mwalimu. Alivua miwani, akaisafisha kwa muda mrefu kuliko ilivyochafuka.

Tulidhani sasa ni rahisi. Haikuwa. Panya wa kwanza asiye na ndimu, Shangazi alimjia, akasimama palepale alipozoea kusimama, akageuka. Alikuwa ameshajifunza kwamba kitu kile kwenye koleo si chakula. Nilitoka bandani nikiwa nimekata tamaa. Nasema wazi, jioni ile nilianza kufikiria nitarudi Simbo na maneno gani.

Aliyenirudisha ni Bi Mwajuma. Aliniambia samaki wa jana ukitaka mnunuzi amwamini, unamweka katikati ya wa leo. "Mpeleke akalale kwa wenzake," akasema. Nikaelewa. Siku ya kulisha ikaja, akafunga kanga puani, akaingia chumba cha panya ambacho hakuwahi kukanyaga, akachota maranda machafu kwenye sanduku lililojaa kuliko yote, yale yaliyolowa mkojo, akamvingirisha panya aliyeyeyuka ndani yake huku akiomba msamaha kwa Mungu na kwa mama yake marehemu. Yeye, Mwajuma wa Ujiji. Kisha nikampasha joto, nikamshika kwa koleo, nikaingia bandani. Bi Mwajuma alibaki nje ya dirisha, nyuma ya wavu.

Shangazi alikuja polepole. Ulimi ukafanya kazi. Akafika pale pa kusimamia, akasimama. Sikumtikisa panya. Nilimwacha aning'inie tu. Kisha kikatokea kitu ambacho mpaka leo sijaweza kukiona kwa macho, ninachojua ni kwamba koleo lilivutwa karibu linitoke mkononi, na panya hakuwapo tena. Alikuwa ndani ya mikunjo ya Shangazi, amebanwa kwa nguvu zote, maskini, kana kwamba angeweza kukimbia. Dirishani nilisikia, "Bismillahi!" na kishindo cha ndoo kuanguka.

Alipommeza mpaka mkia, nilifunga kizimba, nikafunika kioo, nikatoka nje nikatapika. Ilikuwa furaha, au maranda, sijui.

Kesho yake asubuhi afisa akaja.

Mvua zilikuwa zimekatika mapema, naye alikuwa safarini kuelekea Kagunga, akaona apitie. Mwalimu alimpokea kwa uso uliojaa jua. Amekula, amekula jana tu! Afisa akafurahi kweli, akasema basi tumtoe tumpime uzito, alinganishe na ule wa zamani. Mwalimu akanigeukia aombe ufunguo.

Niliushika mkononi, nikaurudisha mfukoni.

"Leo hatolewi."

"Ni kumpima tu," Mwalimu akasema. "Dakika chache."

"Mwalimu, wewe ndiye uliyenifundisha. Tukimbeba leo atatapika, na tutakuwa tumerudi tulikotoka."

"Dada," afisa akasema kwa upole, "mimi nitaandika kitu gani? Niliambiwa amekula. Sijaona."

"Basi usiandike kitu. Rudi ukitoka Kagunga. Ukirudi, utaona."

Walinisimamia wote wawili, mmoja mwajiri wangu, mwingine serikali. Nilikuwa nimeegemea mlango wa banda, na mlango ule ulifunguka kwa nje. Mwalimu akamshika afisa mkono. "Twende tukanywe chai," akasema. "Huyu nilimwajiri kwa sababu alikuwa mwoga. Sijui ilikuwaje."

Siku zile afisa alizokuwa Kagunga sikula vizuri. Kila asubuhi nilifunua pembe ya kanga na kuchungulia. Shangazi alikuwa amelala, uvimbe tumboni ukishuka, ukipungua, mpaka ukaisha. Kutapika hakutapika. Lakini tumbo tupu nalo halithibitishi chochote kwa mtu ambaye hakuliona likiwa limejaa.

Afisa alirudi saa ambayo kwa kawaida nasafisha vizimba. Nilimwomba asubiri, nikaingia, na kwenye kona ya kizimba cha Shangazi, juu ya maranda, nikakuta nilichokuwa nakiombea. Nilikichota kwa kipande cha boksi, nikakitoa nje juani, nikakiweka mbele ya afisa wa wanyamapori, mbele ya Mwalimu, na mbele ya Bi Mwajuma aliyekuja na sinia la chai. Kinyesi kikubwa, cheusi, chenye kipande cheupe kama chokaa ubavuni, na ndani yake manyoya meupe ya panya yakionekana wazi. Nimelea watoto wanne na sijawahi kukifurahia kinyesi cha mtu yeyote kama kile.

Afisa aliinama. Alikiangalia kutoka upande huu, akazunguka akakiangalia kutoka upande ule. Alichukua kijiti, akayafunua manyoya.

"Huyu amekula," akasema. "Anabaki."

Bi Mwajuma aliweka sinia chini, palepale karibu na kinyesi, bila kujali harufu, akapiga kigelegele kilichofika mpaka barabarani. Nami nikamwitikia.